Mtoto, Mchezo na Msitu: Fikira Kutoka Bonde la Sigi

Walimu wengi wanaolisoma jarida hili walizaliwa vijijini, nasi ni miongoni mwao. Tulilelewa katika bonde la Mto Sigi, kwenye milima ya Usambara ya Mashariki, mahali ambapo msitu huanzia nyuma ya jiko na sauti ya maji husikika usiku kucha. Wanachuo wetu, hasa wale watokao Lushoto, upande wa pili wa milima, ambako mashamba yamepanda hadi karibu na vilele, wametuuliza mara nyingi kama ni kweli kwamba tulipokuwa watoto tulicheza msituni kutwa nzima. Ni kweli. Lakini hatukushika kalamu ili tuusifu utoto wetu. Jambo tunalotaka kulijadili latuhusu sisi walimu: jinsi tulivyoigeuza nje ya darasa kuwa mahali pa kazi na adhabu, hata mtoto akiambiwa atoke nje hafikirii mchezo wala maarifa, hufikiria jembe.

Tuanze na tukio moja. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi iliyoko bondeni humo. Mwanachuo wetu, kijana mwenye bidii, alikuwa akifundisha sehemu za ua katika Darasa la Tano. Alikuwa amechora ubaoni ua kubwa kwa chaki za rangi tatu, na watoto wapatao themanini walikuwa wakiitikia kwa pamoja: petali, sepali, stameni. Andalio lake la somo halikuwa na kasoro. Nje ya dirisha, hatua kumi tu kutoka ubaoni, kilisimama kichaka kilichochanua maua mekundu tele, wala hakuna aliyekitazama. Kipindi kilipokaribia kwisha tulimnong'oneza awatoe watoto nje, kila mmoja achume ua lake, aje alipasue na kuonyesha sehemu alizozitaja. Kijana akageuka, akasema kwa sauti, "Haya, tokeni nje wote!" Watoto wakatoka mbio. Tukangoja. Dakika tano zikapita kichaka kikiwa peke yake. Kisha wakaja kutoka upande wa stoo, wamejipanga mistari miwili, wavulana na majembe na mafyekeo, wasichana na ndoo. Kiranja wao akasogea mbele akauliza, "Mwalimu, tuanzie wapi?"

Wanachuo waliokuwa pamoja nasi walicheka sana. Sisi tulicheka kidogo, kwa sababu tulikwisha kutambua kwamba watoto wale hawakukosea. Walikuwa wamefundishwa maana ya maneno "tokeni nje", tena wamefundishwa vizuri kuliko sehemu za ua, na waliowafundisha ni watu kama sisi.

Kwa kuwa tumeutaja utoto wetu, yafaa tuueleze kidogo, maana bila hivyo hoja yetu haitasimama. Pale Sigi palikuwa na nyumba ya zamani ya stesheni. Wajerumani, walioanzisha taasisi yao ya utafiti wa viumbe na kilimo huko Amani mwaka 1902, walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni hadi Sigi. Reli yenyewe ilikwisha kung'olewa zamani, kabla hatujazaliwa, lakini tuta lake lilibaki, nalo likawa uwanja wetu. Tulishikana viuno tukawa mabehewa, na mkubwa wetu akawa injini. Wengi wetu hatukuwa tumeliona garimoshi. Mlio wake tulifundishwa na mwenzetu mmoja ambaye mjomba wake aliishi Muheza, na alituongopea, kwani tulipokuja kuusikia wenyewe haukufanana hata kidogo.

Mtoni tulijenga mabwawa kwa mawe na udongo wa mfinyanzi. Ilitusumbua sana kuona kwamba bwawa letu, kila lilipojaa, lilibomoka chini wala si juu. Tukaongeza mawe juu, likabomoka chini. Ilituchukua siku nyingi za kugombana na kutupiana lawama kabla ya mmoja wetu kupendekeza kwamba ukuta uwe mnene chini na mwembamba juu. Miaka mingi baadaye, chuoni, mkufunzi alipotueleza kwamba kanieneo ya maji huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka, wenzetu waliinakili kanuni ile daftarini wakaikariri. Sisi tuliielewa papo hapo, kwa kuwa tulikwisha kuipata katika vifundo vya miguu.

Kinyonga tulimwogopa. Wazee hawakupenda ashikwe, nasi tulikaa mbali naye tukamtazama. Tulimtazama kwa muda mrefu, na pengine ndiyo sababu tulimwona vizuri kuliko kama tungemweka mkononi: jicho moja likienda mbele na jingine nyuma, mguu ukisitasita hewani kabla ya kukanyaga. Tulijua kwamba wako madume wenye pembe tatu, na kwamba wengine wana pua tu. Twaambiwa sasa kwamba yule wa pembe tatu wataalamu humwita kwa jina la Derema, jirani zetu kabisa, na kwamba mwaka 2006 walipounda jenasi mpya ya vinyonga wa Afrika Mashariki waliipa jina la *Kinyongia*. Yaani neno tulilolipiga kelele vichakani limeingia katika vitabu vya dunia nzima. Tunalitaja jambo hili kwa walimu wanaodhani kwamba majina ya Kiswahili hayafai katika somo la sayansi.

Hatusemi kwamba utoto ule ulikuwa pepo. Mwenzetu mmoja alichukuliwa na maji wakati wa masika, akaonekana siku ya pili mbali sana. Nyoka walikuwako. Tena tukisema "tulicheza" tunasema uongo nusu, kwani waliocheza ni wavulana. Dada yetu mkubwa alilijua bonde lile kwa njia tatu tu: ya maji, ya kuni, na ya shambani. Hakuwahi kuwa behewa wala injini. Alipokuwa akipita na kuni kichwani tulimpisha kwenye tuta la reli, kisha tukaendelea na safari yetu.

Sasa tuungame kosa letu. Katika miaka ya 1980 tulikuwa walimu vijana, tumepangwa kufundisha si mbali na nyumbani. Hiyo ilikuwa baada ya mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote wa mwaka 1977, madarasa yamejaa, madawati hayatoshi, na shule nyingi zikifundisha kwa zamu mbili. Mvulana mmoja wa Darasa la Nne alichelewa siku tatu mfululizo. Siku ya tatu tulimsimamisha mbele ya wenzake tukamwuliza alikuwa wapi.

"Nilikuwa namtazama hondohondo, Mwalimu," akasema. "Amemfungia mkewe ndani ya mti. Amemziba kwa udongo, ameacha tundu dogo tu, anamletea chakula. Na pale chini ya mti kuna mbegu nyingi, zimerundikana."

Darasa likaangua kicheko. Nasi tukacheka. Tukamwambia kwamba kuchelewa ni kosa moja na kusema uongo ni kosa la pili, tukampa fyekeo akate nyasi za uwanja kwa wiki nzima. Ajabu ni kwamba habari ile haikuwa ngeni kwetu. Babu yetu alikuwa ametusimulia. Lakini tulikuwa tumetoka chuoni karibuni, na huko tulikuwa tumeambukizwa mazoea ya kudhani kwamba lisilo kitabuni ni ngano ya wazee.

Siku ya nne alikuja bibi yake shuleni. Tukamkaribisha ofisini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza, mjukuu wangu amekosa nini?"

"Amechelewa, bibi. Na tena amesema uongo mbele ya darasa."

"Kwa kuchelewa mwadhibu, sina neno. Uongo upi?"

Tukamweleza habari ya hondohondo. Bibi alinyamaza kitambo, akafunga vizuri upande wa kanga yake. "Basi, mwalimu," akasema, "nipe na mimi fyekeo." Alilisema kwa adabu, bila kuinua sauti. Kisha akaaga akaenda zake, nasi tukabaki tumejiinamia, ila adhabu hatukuifuta, kwa kuwa tulihofia kudharauliwa.

Baadaye tulikuja kusoma katika kitabu cha ndege kwamba hondohondo jike, wakati wa kutaga na kulea, huingia katika pango la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, akalishwa na dume kupitia ufa mwembamba kwa muda wa miezi kadhaa. Kila neno la mtoto yule lilikuwa sahihi. Na zile mbegu zilizorundikana chini ya mti zilikuwa na habari kubwa zaidi. Katika msitu wa Amani kuna mti mgeni, *Maesopsis eminii*, ulioletwa na watu ukapandwa, kisha ukaanza kujieneza wenyewe hadi ukawashughulisha sana wataalamu wa misitu. Waliochunguza jinsi ulivyoenea waliandika kwamba hondohondo hula matunda yake na kwamba ndege huyo ni miongoni mwa wasambazaji wakubwa wa mbegu zake. Hatudai kwamba mbegu za mtoto wetu zilikuwa za mti huo, hatukwenda kuzitazama. Twasema tu kwamba swali ambalo watu wazima walilijia kutoka nchi za mbali na vyombo vyao lilikuwa limesimama mbele ya ubao wetu, likiwa na umri wa miaka kumi na moja na kaptura iliyochanika, nasi tukalipa fyekeo.

Alipomaliza wiki yake hakuchelewa tena. Wala hakutueleza tena jambo lolote alilokuwa ameliona.

Yapo maelezo ya jinsi tulivyofika hapa, nayo yatubidi tuyatazame kwa haki. Wako wasemao kwamba kosa lilianza na Elimu ya Kujitegemea. Hatukubaliani nao. Mwalimu Nyerere alipolitoa andiko lake mwezi Machi 1967 alitaka shamba la shule liwe mahali pa kujifunzia: wanafunzi washiriki katika kupanga, wajue kwa nini mbolea hii na si ile, wayaone matokeo ya uamuzi wao na wafaidi jasho lao. Kazi ilikusudiwa kuwa elimu. Ni sisi tulioichukua kazi tukaiondolea swali la kwa nini, tukabakiza jembe. Kisha, kwa kuwa kazi isiyo na sababu ni mzigo, tuliona kwamba yafaa sana kuwa adhabu. Aliyechelewa akalime, aliyepiga kelele akafyeke, asiyejua jedwali la saba akachote maji. Mtoto mwenye akili hujumlisha haraka: wanaofaulu hukaa ndani, wanaoshindwa hutolewa nje. Anapomaliza shule, kitu anachokitamani zaidi ni kuondoka penye nyasi na miti aende mahali palipo na sakafu. Nasi tunashangaa kwamba hakipendi kilimo.

Wakati huohuo wageni wamekuwa wakija Usambara kwa zaidi ya karne moja kujifunza yale ambayo watoto wetu huyaona wakienda shuleni. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la zambarau liotalo kwenye miamba yenye kivuli. Leo ua hilo huuzwa katika vyungu dunia nzima kwa jina lake la *Saintpaulia*, na huwapata watoto wengi wa bonde letu wakiwa hawajaambiwa kwamba nyumbani kwake ni hapa. Karibu na Amani palikuwa na mradi wa vipepeo, ambapo wanakijiji walifuga viwavi na kuuza mabuu yao Ulaya na Marekani, hadi Serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Wafugaji wale ilibidi wajue kila kiwavi hula jani la mti gani. Hayo ni maarifa ambayo mtoto akiachwa acheze huyapata bila ada. Na katika somo la historia watoto wetu hukariri habari za Mbega, mwindaji aliyetoka Nguu akaja kutawala Vuga, lakini ukiwaonyesha unyayo wa paa na wa nguruwe mwitu kwenye matope hawajui upi ni upi. Sijui Mbega angelitawala nini kwa elimu ya namna hiyo.

Kwa upande wa nadharia ya ualimu, hatusemi jambo jipya. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyewahi kuwa mwanagenzi wa bwana misitu katika ujana wake, alifungua shule ya watoto wadogo mwaka 1837, na mwaka 1840 akaipa jina lenye maana ya bustani ya watoto. Alishika kwamba mchezo ndiyo kazi ya mtoto. Wanachuo wetu hujibu swali la Froebel katika mtihani na kupata alama nzuri, kisha hupangiwa darasa la awali na kuwaketisha watoto wa miaka mitano saa tatu mfululizo wakinakili herufi. Sheria nayo iko upande wa mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, watambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaorodhesha burudani pamoja na afya na elimu.

Hali ya leo ni ngumu kuliko ya zamani zetu, na tusijidanganye. Msitu wa Amani ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, una zaidi ya hekta 8,000, na ile nyumba yetu ya stesheni pale Sigi ndiyo iliyotengenezwa ikawa kituo cha kupokelea wageni langoni. Twaiunga mkono hifadhi. Tulishuhudia wenyewe malori ya magogo yakishuka mlimani, na twajua kwamba maji ya Sigi ndiyo yanywewayo na Jiji la Tanga. Lakini matokeo yake mojawapo ni kwamba mtoto azaliwaye jirani na msitu hukua akijua kuwa msitu ni mahali pa kukatazwa, na kwamba watu wenye haki ya kuutazama ni wale washukao kwenye magari na darubini shingoni. Wizi wa magogo ni kosa. Kumtazama hondohondo si kosa. Mtoto hajaelezwa tofauti. Juu ya hayo pana masomo ya ziada ya asubuhi, ya jioni na ya Jumamosi, mtihani wa Darasa la Nne na ule wa mwisho, na simu ya mzazi ambayo mtoto huinamia hadi usiku.

Tulipolizungumza wazo letu katika mkutano wa walimu tulipata pingamizi nyingi. Wa kwanza alisema mtaala umejaa. Tulimjibu kwamba mtaala umebadilika mara nyingi tangu tuanze kazi, na kila mara ulikuwa umejaa. Mwingine alisema wazazi watalalamika kwamba watoto wanacheza badala ya kusoma. Hili lina uzito, maana wazazi wetu walilipia masomo kwa kuuza iliki na machungwa, na mzazi aliyelima kutwa hapendi kusikia kwamba mwanawe alipelekwa kutazama mchwa. Dawa yake, tulivyoona sisi, ni kuwaita wazazi, na hasa mabibi na mababu, wawe walimu wa siku hiyo. Mtu haoni kuwa ni upuuzi jambo aliloombwa kulifundisha yeye mwenyewe.

Pingamizi la hatari ndilo lililotunyima usingizi. Hatuwezi kusahau mwenzetu aliyechukuliwa na maji. Maji yaliyotuama yana kichocho, vichakani yumo kifutu, na mwalimu mmoja hawezi kuwaangalia watoto themanini. Jibu letu si kwamba hatari ni ndogo. Jibu letu ni kwamba mtoto tusiyemfundisha kuukabili mto akiwa pamoja nasi atakwenda mtoni peke yake siku ya Jumapili, akiwa hajui kwamba maji yakianza kubadilika rangi ilhali kwenu jua linawaka, mvua inanyesha mlimani na muda wa kutoka umefika. Sisi tulilijua hilo kwa sababu mwenzetu alikufa. Wafaa kujifunza kwa njia nyingine.

Basi pamoja na walimu wa shule ile ya majembe tulijaribu. Tuliomba kipindi kimoja kwa wiki, Ijumaa, cha mwisho kabla ya mapumziko ya saa nne. Darasa liligawanywa nusu mbili. Nusu ilitoka, nusu ilibaki na mwalimu mwingine kusoma kimya, na wiki iliyofuata wakabadilishana. Hatukuingia hifadhini. Palitosha uwanja wa shule, kingo za barabara na ukingo wa kijito kidogo kisichofika magotini. Mipaka ilitajwa kwa miti na mawe, nayo ilitajwa na watoto wenyewe. Kila mtoto alikuwa na mwenzake asiyepaswa kumpoteza. Hakuna aliyeruhusiwa kutoka na chombo chochote cha kazi, hata fimbo ya mwalimu ilibaki ofisini.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa za aibu. Watoto walisimama wamejipanga. Tulipowaambia wacheze, waliuliza mchezo gani, na dakika ngapi, na kama watapewa alama. Mwalimu wao alitaka kuwapa maswali kumi ya kujibu, tukamsihi asifanye hivyo. Ni vigumu sana kwa mwalimu kukaa juu ya jiwe nusu saa bila kufundisha. Sisi wenyewe tulishikwa na kikohozi kila tulipoona mtoto anakosea. Wiki ya tatu wavulana watatu waliteremka kijitoni wakaanza kuziba maji kwa mawe. Likabomoka chini. Tuliuma ulimi. Waliongeza mawe juu, likabomoka tena chini, wakaanza kutupiana lawama kama ilivyo desturi. Wengine walivutwa na siafu. Msichana mmoja alikuja kutuambia kwamba jani alilolishika huitwa kwa Kisambaa jina moja na kwa Kibondei jina jingine, na kwamba bibi yake husema yote mawili ni makosa. Tukamtuma akamwulize bibi jina la haki, naye akaja na majina manne.

Hatukuwapa mtihani, kwa hiyo hatuna takwimu za kuwaonyesha wenzetu. Tulichokiona ni kwamba katika somo la sayansi la Jumatatu mikono iliyoinuka haikuwa ya wale wa dawati la mbele peke yao. Baadhi ya waliokuwa wakitolewa nje kila siku kufyeka walikuwa na mengi ya kusema, na mwalimu wao alikiri kwamba majina ya wawili kati yao hakuwa akiyakumbuka vizuri hadi mwezi ule. Adhabu ya kufyeka nayo ilizua tatizo ambalo hatukulitazamia. Walimu walikubali kuiacha, lakini nyasi hazikukubali kuacha kuota. Ikabidi kazi ya uwanja ipangwe upya, kila darasa na sehemu yake, kwa ratiba, wenye akili na wasio na akili pamoja, na mwalimu wa zamu akiwa na jembe lake. Wako waliochukizwa sana na jambo hilo la mwisho.

Limebaki jambo moja ambalo tulichelewa kuliona, ijapokuwa tulipaswa kuwa wa kwanza. Katika wiki ya tano tulihesabu watoto waliokuwa nje tukakuta wasichana hawafiki nusu ya idadi yao. Tukadhani wanaona haya kucheza. Tulipouliza, kiranja yule yule aliyetaka kujua waanzie wapi alitujibu bila kusita: "Wamekwenda kuchota maji ya nyumba za walimu." Kila Ijumaa, saa ile ile, kwa desturi iliyoanza kabla yetu sote. Hakuna mwalimu aliyekuwa ameikumbuka kwa kuwa maji yalikuwa yakifika. Tulikaa ofisini tukalizungumza hadi kengele ikalia mara mbili. Tangu wiki ya sita walimu wa shule ile wanachota maji yao wenyewe, alfajiri, na mkufunzi aliyekwenda kuwakagua naye alipewa ndoo.